Hakimu Asiyepanda Lifti

Hakimu wetu wa Kisesa hapandi gari la mtu. Anayekupa lifti leo, kesho anaweza kusimama mbele yako kizimbani. Kwa hiyo hutembea kandokando ya barabara, koti lake jeusi likiwa ndani ya mfuko wa plastiki lisishike vumbi. Msibani hushika jembe, akachimba kaburi na wenzake, lakini ugali ukipakuliwa huaga. Watu huona ni dharau. Yeye hunawa mikono, huweka sawa kola ya shati aliyoigeuza baada ya kuchakaa, akaenda zake.

Asubuhi moja redio ya Evelina, karani wake, ilisema Bunge linajadili mishahara ya majaji na waendesha mashtaka. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho. Mahakimu wa mahakama za mwanzo kama yake hawakutajwa.

“Zima, mama. Watu wanasubiri.”

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa mlinzi wa kiwanda cha samaki, aliyekamatwa na minofu ya sangara ndani ya koti.

“Shikamoo, mheshimiwa. Ni kweli nilichukua. Mshahara hautoshi.”

Hakimu alipapasa ile kola.

“Najua,” alisema taratibu. “Ndiyo maana siwezi kuupokea utetezi huo.”