Cheti cha Luhende na Vifaranga wa Wilhelmina

Kwa mujibu wa Waraka Namba Nne wa Kamati ya Vifaa ya Shule ya Sekondari Mwalugoye, ubora wa kifaa chochote cha umeme kinachoingia shuleni huthibitishwa na nyaraka zake pamoja na saini ya mtaalamu mwenye cheti, na ni marufuku kupokea kifaa kwa kutegemea sifa za mitaani. Waraka huo uligongwa muhuri mara mbili, kwa sababu muhuri wa kwanza ulififia.

Luhende aliukuta umebandikwa mlangoni pa ofisi ya mkuu wa shule. Akausoma, akaurudia, akaupiga picha kwa simu. Katika barabara yote kutoka Nyakato hadi Kisesa, fundi kompyuta mwenye cheti alikuwa mmoja, naye ni yeye. Kwa miaka kumi na mmoja cheti hicho kilining'inia kwenye fremu ukutani mwa duka lake, na kwa miaka kumi na mmoja alisubiri mtu mwenye mamlaka aseme kwamba kina maana.

Hizo sifa za mitaani alijua zinamhusu nani.

Wilhelmina wa Bujora, mjane wa miaka sitini na ushee, alikuwa mfuga kuku. Pamoja na kuku aliuza pawa saplai zilizotumika, vile visanduku vya bati vinavyokaa ndani ya kompyuta na kuupoza umeme wa ukutani mpaka mashine iweze kuula. Hakuwa na duka wala kibao. Siku ya mnada wa Kisesa alizipanga juu ya kiroba, kando ya trei za mayai, na jua halijapanda zilikuwa zimekwisha. Mtu aliyenunua kwake hakurudi kulalamika. Alirudi kumnunulia shemeji yake.

Luhende hakuwaonea wivu matajiri wala wabunge. Hao walikuwa mbali, na wivu unachoka kwenda mbali. Wake ulikuwa wa jirani, kama wa wake wenza. Alijua kupima pawa saplai: uzito wake mkononi, unene wa nyaya, majina ya viwanda kwenye kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyotunza chaji, na ile tofauti kati ya wati zilizoandikwa kwenye lebo na wati zilizomo. Lebo, aliwaambia wateja, ni tangazo, si ushahidi. Hata hivyo katika kila kumi alizozisifu, tatu zilikufa kabla ya mwaka. Za Wilhelmina hazikufa. Hesabu hiyo hakuna aliyemwomba aitunze, naye aliitunza.

"Leo umemtaja mara ya ngapi?" mkewe, Hellen, alimuuliza mezani.

"Nani?"

"Huyo unayemtafuna pamoja na ugali."

"Mimi nazungumzia ubora."

"Sawa. Na ubora wenyewe unaitwa Wilhelmina."

Basi siku ile ya kuusoma waraka, mkuu wa shule, Mwalimu Lwakatare, alimkaribisha ofisini akiwa na uso wa mtu aliyefungwa na karatasi aliyoisaini mwenyewe. Kompyuta kumi na mbili za shule zilikuwa zimeunguza pawa saplai zote kwa alasiri moja, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo.

"Nataka za yule mama wa Bujora," alisema. "Ameniwekea kumi na mbili. Ila waraka unataka saini yako, fundi. Nenda ukazikague, utie saini, tumalize."

"Na nikizikuta na kasoro?"

"Ndiyo maana tunamtuma mwenye cheti."

Luhende alitoka akitembea kama aliyepandishwa cheo. Njiani ndipo alipoliona shimo. Akitia saini, atakuwa amekiri kwa maandishi kwamba mwuza mayai anamshinda kazi. Asipotia, kazi ya kuleta nyingine itakuwa yake, na jina lake ndilo litakalobeba kumi na mbili atakazozileta mbele ya barabara nzima.

Kesho yake alivaa shati la kanisani, akachukua mita ya kupimia umeme na bisibisi, akakitoa cheti kwenye fremu na kukitia katika bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ngosha. Karibu. Wewe ndiye fundi wa cheti."

"Umenijuaje?"

"Umeikumbatia bahasha kama mtoto."

Zile kumi na mbili zilikuwa zimepangwa kibarazani. Luhende alizinyanyua moja moja, akachungulia matundu, akanusa, akafungua mbili. Moyo wake ukaanza kuchangamka. Moja lebo yake ilikuwa imechanika. Nyingine iliandikwa wati mia nne na hamsini, na kwa nyaya zile angeapa ni mia mbili na hamsini. Ya saba ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

"Hii nyepesi, mama. Wepesi huu maana yake ndani hamna kitu."

"Nyepesi kweli. Hata mimi niliidharau. Lakini haijawaangusha."

"Haijawaangusha akina nani?"

Wilhelmina akampeleka uani. Ndani ya banda kulikuwa na vizimba vinne vya duara, vimezungushiwa mabati, na katika kila kimoja vifaranga wasiopungua sitini. Juu yao zilining'inia taa nne za gari, zile za mbele, moja kwa kila kizimba, na nyaya za kila taa zilishuka mpaka kwenye pawa saplai yake iliyowekwa juu ya tofali. Waya wa kijani ulikuwa umeunganishwa na mweusi ili iwake bila kompyuta. Kazi safi. Luhende angependa iwe chafu.

"Zamani nilitumia balbu za kawaida," Wilhelmina alisema. "Zikawa zinakufa kwa sababu ya mashine ya kusaga ya Chenge, huyo jirani. Akiiwasha, umeme wa mtaa mzima unasinzia. Mwalimu mmoja wa mazoezi alipanga chumba hapa, akanifungia hicho kisanduku. Kikafa. Nikaenda Nyakato kwa wauza vyuma chakavu, nikapata kingine. Kikafa. Cha tano kikakaa. Nikajua kumbe vina tabia, kama watu."

"Na unavipimaje?"

"Mimi sipimi. Vifaranga wakirundikana chini ya taa wanalia, kisanduku kimelegea, nawaletea jiko la mkaa. Wakikimbilia kwenye mabati, kimezidisha. Wakilala wametawanyika hivi, kama walevi wa harusini, basi ni kizima. Kikimaliza siku saba, nauza."

Luhende akachomeka mita yake. Ikasoma volti kumi na mbili. Wakati huohuo mashine ya Chenge ikanguruma, na balbu ya jikoni ikafifia mpaka ikawa na rangi ya chungwa lililoiva. Mita ikabaki kumi na mbili. Vifaranga hawakuinua hata vichwa. Luhende akawatazama kwa chuki ambayo mtu mzima hapaswi kuwa nayo kwa kiumbe cha siku tisa.

"Mama, una karatasi zozote?"

"Za nini?"

"Za hizi pawa saplai."

"Nina za chanjo ya kuku."

Kwenye fomu ya ukaguzi ya shule aliandika maneno mawili: Hazina nyaraka. Mwalimu Lwakatare aliyasoma, akavua miwani.

"Na utendaji wake?"

"Waraka haujauliza utendaji, Mwalimu."

Lwakatare alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu kwa kuchungulia. "Haya. Lete wewe zenye nyaraka. Na saini iwe yako."

Luhende alinunua kumi na mbili mpya mjini, kila moja ndani ya boksi lake, na cheti cha ubora kwa lugha tatu. Zilikuwa nzito, za kupendeza. Ijumaa alijaza fomu ya mapokezi: nyaraka zimekamilika, mtaalamu ameridhika. Kisha akakaa dukani akizitazama, na furaha aliyoisubiri haikuja. Kichwani alisikia sauti moja tu, sauti ya mnada mzima wa Kisesa, ikisema kwamba za yule mama zingedumu.

Jumamosi alikodi bajaji hadi Bujora.

"Nilikuwa napita tu, mama."

"Na maboksi kumi na mawili."

"Ndiyo."

Angecheka, Luhende angekasirika na kuondoka nazo. Wilhelmina hakucheka. Alisogeza trei ya mayai kupisha nafasi.

"Vizimba viko vinne. Nitazitia kwa zamu, njoo baada ya wiki tatu. Chai utakunywa?"

Aliinywa. Ilikuwa nzuri kuliko ya Hellen, na hilo nalo likamwuma.

Baada ya wiki tatu alizifuata. Saba zilikuwa zimefungwa kamba kibarazani, tayari kwa safari. Tano, zilizoshindwa kumaliza siku saba, zilikuwa zimerudishwa ndani ya maboksi yake, kila moja pamoja na cheti chake.