Picha ya Kompyuta Iliyowatoa Jasho Wachimbaji

Mwaka 1987 niliwaona wanaume wawili wazima wakiungama wizi mbele ya karatasi. Hakuna polisi, hakuna mganga, hakuna aliyewakunja shati. Karatasi tu, na aliyeileta ni mimi.

Vuteni viti niwape mkanda mzima.

Naitwa Euphrasia, mzaliwa wa Nyahanga, Kahama. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar, nasoma uhandisi. Likaja somo jipya la kuchora kwa kompyuta. Wanafunzi kumi na tisa, kompyuta moja! Zamu yako ni nusu saa kwa wiki, na umeme ukikatika, imekula kwako.

Kazi ya mwisho ilikuwa hivi: chagua kitu halisi, kipime, vipimo viwe namba, kisha kompyuta ikichore kwa mistari uweze kukigeuza na kukitazama kila upande. Ukifeli hiyo, unarudia mwaka.

Wenzangu wakachagua meza, tangi la maji, kanisa. Mimi na kiherehere changu nikachagua mashimo mawili ya dhahabu kule Mwakitolyo. Wachimbaji huliita shimo duara. Duara moja lilikuwa la mjomba wangu Makoye, la pili la jirani yake Pantaleo, Mzinza mmoja mfupi kutoka Geita. Kati yao kulikuwa na mpaka wa mawe.

Tatizo, mimi ni mwanamke. Enzi hizo mwanamke hasogelei mdomo wa duara, eti dhahabu inakimbia.

Basi nikakaa na daftari kwa Mama Januari, muuza chai, hatua hamsini kutoka pale. Mjomba na Pantaleo wakawa wananipigia kelele, kila mtu vipimo vya duara lake.

"Andika! Kwenda chini pima kumi na mbili! Halafu tunapinda pima saba kuelekea Songwa!"

Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Dira hawana, wanataja mji. Miji nikaitafuta kwenye ramani. Mikono ya mjomba nikaipima kwa futi kamba, nikazidisha kila kitu kwa urefu huo, nikarudi chuo najiona nimemaliza.

Mwalimu wetu, Dokta Jashvant, akaitazama picha yangu muda mrefu.

"Euphrasia, handaki hili limeingia ndani ya lile. Hawa watu wanachimba shimo moja?"

"Hapana, Dokta. Kila mtu na lake."

"Basi namba zako zina kasoro. Likizo hii kapime upya. Ukirudi na picha hii hii, tutaonana mwakani darasa hili hili."

Nililia, sifichi. Nyahanga walishaanza kuniita Injinia. Ningewaambia nini?

Nikapanda treni hadi Shinyanga, nikaunga kwa lori. Asubuhi moja nikaitandaza ile karatasi kwenye meza ya Mama Januari, mjomba na Pantaleo wakinywa chai, nia yangu kuuliza tu nimekosea wapi.

"Shikamooni."

"Marahaba. Hii nayo ni nini?" mjomba akauliza.

"Maduara yenu. Kompyuta imechora yalivyo huko chini."

Pantaleo akainama. Macho yake yakaenda moja kwa moja pale mistari ilipokutana. Akakiweka kikombe mezani.

"Kwa hiyo hiyo mashine inaona chini ya ardhi?"

Nikafungua mdomo nimweleweshe. Hakunipa nafasi.

"Makoye ndugu yangu, nisamehe! Ni pima nne tu nilizovuka. Mwamba wa dhahabu ulielekea kwako, nami nikaufuata!"

Mjomba akaruka juu.

"Pantaleo! Tunakunywa chai meza moja kila siku, kumbe unanila kwa chini?"

Mimi moyoni nashangilia. Kumbe nilidanganywa, kosa si langu!

"Basi mambo rahisi," nikasema. "Leo tushushe futi kamba maduara yote mawili, tupate ukweli."

Mjomba akakaa. Taratibu.

"Ng'wanone, mwanangu, ya nini kujisumbua? Yaliyopita si ndwele."

Mjomba wangu huyo, ambaye hajamsamehe kuku wa jirani aliyedonoa mtama wake mwaka 1971! Mama Januari akatua birika, akamtazama mjomba.

"Baba Nkwabi, mbona unatoka jasho?"

"Pima sita," mjomba akanong'ona.

"Sita zipi?" Pantaleo akauliza.

"Nilizoingia kwako. Lakini mimi nilipita chini zaidi, sikukugusa!"

Mama Januari akaangua kicheko hadi akashika nguzo ya banda. Pantaleo akafuata, na mjomba mwenyewe akacheka huku akijifuta uso kwa kofia.

Wakashuka wote wawili na futi kamba, kila mmoja akimlinda mwenzake asipunguze hata inchi. Mimi hatua hamsini zangu pale pale. Vipimo vikatoka safi: kila mtu alikuwa anachimba upande wa mwenzake, wamepishana mmoja juu, mwingine chini. Wakaona upuuzi huo uishe, wakaunganisha maduara.

Siku ya kuondoka, kwa utani tu, nikaipima na mikono ya Pantaleo.

Nikaipima tena.

Mikono yake ilikuwa mifupi kuliko ya mjomba kwa zaidi ya futi moja. Nami pima zake zote nilizizidisha kwa mikono ya mjomba! Nikapiga hesabu upya kwa namba zao za uongo. Maduara hayakugusana hata kidogo, kila moja liliishia kwake kwa heshima. Ile mashine haikuona chochote. Mistari niliigonganisha mimi, kwa uzembe wangu.

Nikakunja daftari, nikapanda lori. Dokta Jashvant akanipa A. "Safari hii umepima vizuri," akasema. Nikaitikia "asante" nikitazama viatu vyangu.

Hadi leo sijawaambia. Nimesoma hadi nikafundisha somo hilo hilo, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi: kompyuta haijui ukweli wala uongo, inajua namba ulizoipa. Mwenye siri akiiangalia picha, anajiona mwenyewe. Na mhandisi, kabla hujamshuku mwenzako, rudia kwanza hesabu zako.