Farasi wa Kimeu kwenye Njia ya Maji

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, miaka ya sabini, na nikiikumbuka bado nashikwa na hasira. Mama, dada yangu Mwende na mimi tulikuwa tunatoka mtoni, kule chini ya Kwa Vonza, ambako watu walichimba mchanga kutafuta maji. Punda wetu alikuwa amelemewa na mitungi. Njia ilikuwa nyembamba, miiba upande huu, korongo upande ule.

Mwanangu, wewe unapenda kupanda farasi peke yako, na sikukatazi. Najua kuna raha ya kutosikia kitu ila kwato na upepo. Kimeu naye aliipenda raha hiyo. Alikuwa kijana wa ranchi jirani, kazi yake kuzunguka ua na kuangalia ng'ombe. Wenzake walikwenda wawili wawili, yeye alitaka kwenda peke yake. Sawa. Hilo si kosa.

Lakini siku hiyo alitokea nyuma yetu akikimbiza farasi. Hakuita. Hakupunguza mwendo. Punda alishtuka, akaruka kando, na Mwende, aliyekuwa ameshika kamba, akaburutwa hadi korongoni. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika.

Kimeu aligeuza kichwa, akatuona, akaendelea na safari yake. Unasikia, mwanangu? Alituona!

Mama alifunga ule mkono kwa leso, tukampeleka Mwende dispensari. Tulipomwacha na muuguzi, Mama akaelekea ranchi, mimi nikimkimbilia nyuma. Tulimkuta Kimeu akimnywesha farasi. Mama akakamata hatamu.

"Ulituona?"

"Niliwaona, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba chetu, kama mtoto mwenye adabu.

"Sasa mbona hukusimama?"

"Mimi huwa napanda peke yangu. Sipendi kusimama-simama na watu."

"Nani alikuomba stori?" Mama alifoka mpaka farasi akarudi nyuma. "Msichana wangu amelala huko mkono umevunjika, na wewe unaniambia hupendi watu! Hiyo njia inapitwa na watoto, na mbuzi, na wagonjwa. Nani alikupa iwe yako?"

Msimamizi wa ranchi, mzee Mutisya, alikuwa amesikia yote. Hakumtetea kijana wake. Alimwambia, "Toa tandiko. Huyo farasi atabeba maji ya huyu mama mpaka msichana apone, na wewe utamvuta ukitembea kwa miguu."

Kimeu akaleta maji, jua likimchoma, watu wakimcheka. Siku za kwanza alikuwa amenuna. Baadaye akaanza kusalimia akiwa bado mbali. Mwishowe alimwendea Mwende akasema, "Nisamehe." Mwende akamjibu, "Maji nimepokea. Hayo mengine ngoja kwanza." Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Mpaka leo dada yangu hawezi kukaza mkono kwenye jembe, na sijui kama aliwahi kumsamehe. Mimi sijamsamehe.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Panda peke yako, lakini kabla hujatoka waambie wa nyumbani unaelekea wapi, wasije wakahangaika kichakani wakikutafuta. Ukiona mtu mbele, farasi atembee. Ita ukiwa mbali, mnyama wake asikie sauti ya binadamu kabla ya kusikia kwato. Mwenye mzigo apite kwanza, hata kama una haraka. Ukitaka kubaki na mawazo yako, salamu moja inatosha, hakuna atakayekulazimisha kupiga gumzo. Na mtu akianguka kwa sababu yako, au hata si kwa sababu yako, shuka! Shuka, mwanangu. Usinifanye nisikie kwamba uligeuza kichwa ukaendelea.

Mungu akulinde huko njiani, ampe farasi wako miguu imara, na kila boma utakalopita wafurahi kukuona ukija. Nenda salama.