Nilichekecha udongo wa mama mkubwa, nikatupa kisichotupwa

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Haya ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi kuliko hii.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, nimekulia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mwaka 2012 hivi nilikuwa nafundisha ufinyanzi, idara ya sanaa ya chuo kimoja Mbarara. Mkataba wa semester moja moja. Semester ikikaribia kuisha unaanza kumsalimia mkuu wa idara mara tatu kwa siku. Wanaojua wanajua.

Kazini niliwaambia naishi Ruti, pale pale mjini. Si uongo, nilipanga chumba Ruti. Ila kwamba kwetu ni Nakivale sikumwambia mtu. Nina degree, Kiingereza kimenyooka, sikutaka kuitwa mkimbizi staff room.

Semester hiyo tanuri la umeme likaungua. Mtihani wa vitendo umekaribia, external examiner anakuja, wanafunzi kumi na mmoja hawana hata kikombe kilichochomwa. Mkuu wa idara akasema nisipokuwa na vyungu mezani, nisijisumbue kuomba mkataba mwingine.

Nikawa sikai. Nikikaa nasimama.

Nikaenda kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Anafinyanga vyungu Nakivale na kuvichoma nje kwa nyasi na mavi ya ng'ombe, bila tanuri. Hakuuliza maswali. Akaandaa udongo kwa mikono yake siku nne, akaja nao Mbarara juu ya pikapu ya mahindi, magunia mawili.

Nikamtambulisha darasani kwa jina la wilaya, kambi nikaificha: "Huyu ni fundi kutoka Isingiro."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Ndiyo. Mimi fundi."

Hapo ndipo nilipopaswa kujirekebisha. Nikaendelea na somo. Akarudi kwake, tukakubaliana vyungu vikikauka aje kuchoma.

Kesho yake mwanafunzi wangu Doreen akaubinya ule udongo. "Sir, hii udongo iko na mawe-mawe mingi. Inakwangua vidole."

Kweli, ulikuwa na chembe nyekundu nyekundu. Mimi na usomi wangu nikaona ni uchafu wa kijijini. Nikaagiza ulowekwe, uchekechwe wote. Ukawa laini kama uji wa mtoto. Zile chembe nikazimwaga mlangoni pa karakana, palikuwa na tope.

Vyungu vikatoka vyembamba, vizuri. Nilijisifu peke yangu.

Siku ya kuchoma mama mkubwa akashika kimoja, akakigeuza. "Hii si udongo yangu."

"Ni ule ule, mama. Tuliusafisha tu. Choma, examiner anakuja kesho."

"Mulisafisha," akasema. Akawasha, kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba.

Haikupita muda. Paa! Halafu paa, paa, mfululizo. Doreen kashika kichwa: "Banange! Zote?"

Vyote kumi na kimoja, wakuu.

Mama mkubwa hakuangalia moto. Akauliza, "Ile michanga mulitupa fasi gani?"

Nikamwonyesha mlangoni. Akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuzoa kwa viganja.

"Ile ni vigae, nilitwanga," akasema. "Ya chungu ya mama. Njo ile tulikimbia nayo."

Chungu cha bibi yangu kilivunjika njiani wakati tunakimbia Kongo, mama mkubwa akabeba vigae. Kila udongo anaoandaa huweka kiganja kimoja cha vigae hivyo vilivyotwangwa. Ndivyo vinavyozuia chungu kupasuka motoni. Safari hii alikuwa ameweka vyote vilivyobaki, kwa sababu ni kazi ya mtoto wake.

Mkuu wa idara alishatoka ofisini kwa ile milio. "Huyu mama ana nini?"

Nikasema, "Ni mama yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea. Kwetu ni Nakivale."

Nikapiga magoti kando yake. Wanafunzi nao wakainama na mabeseni. Tulichookoa kilikuwa nusu vigae, nusu murram, ile changarawe nyekundu ya Mbarara.

Examiner akakuta mezani vigae vya vyungu vilivyopasuka. Mama mkubwa akamweleza kosa lilipo, mimi natafsiri. Wanafunzi wakaongezewa wiki tatu, wakafinyanga upya kwa udongo uliochanganywa na tulichozoa, na vyungu havikupasuka. Mkataba sikupewa.

Siku anaondoka alinipa kigae kimoja cha vyungu vyetu vilivyopasuka. "Shika. Sasa na weye uko na ya kuanzia."

Nimehama nyumba mara nne tangu hapo. Kila mara ndicho ninachofunga kwanza. Sijaweza kukitwanga.

Nilichojifunza: kabla hujasafisha kitu cha mtu, muulize kwanza ni nini.

Na nyie mliowahi kumficha aliyewalea mbele ya watu, mlirudi vipi kwake? Andikeni. Hata wa kunitukana, nitasoma.