Swaumu na Wagonjwa Wake wa Magoti

Kibiti asubuhi, kabla malori ya kusini hayajaanza kupigiana honi, huwa kuna weupe hewani ambao huwezi kusema ni ukungu au ni moshi wa watu wanaochoma majani ya mikorosho. Ndani ya weupe huo hutokea Swaumu Mshamu. Baibui jeusi, raba nyeupe, mwendo wa mtu ambaye miguu yake haijaambiwa kwamba kumekucha. Kwapani kakumbatia kitu kilichofungwa kanga.

Ndani ya kanga mna nyonga. Msikimbie, ni ya plastiki, ya kufundishia. Ila anaifunika, maana mwanzoni aliibeba wazi na muuza chapati mmoja akafunga biashara akidhani yule dada anahamisha marehemu kwa awamu.

Kazi yake ina jina refu, fiziotherapia ya afya ya nyonga, na hakuna mtu Kibiti aliyewahi kulimaliza. Wengine humwita daktari wa huko. Wengine, kungwi mwenye cheti. Yeye huitika yote. Anachotibu ni misuli ile iliyotandazwa chini ya nyonga kama kitanda cha kamba, ambayo ikilegea mkojo hutoka bila ruhusa, na ikikaza kupita kiasi mtu hakai wala halali. Ni shida ya watu wengi na hakuna anayeikiri. Ndiyo maana benchi lililo nje ya chumba chake limejaa watu wa magoti.

"Shikamoo daktari, nimekuja goti," atasema mzee Hemedy, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, huku kalikunja goti hilohilo vizuri kuliko kijana wa jando.

"Marahaba babu," Swaumu atajibu. Huamkiwa na wazee kwa makosa, kwa sababu ya koti jeupe, naye huitikia kisha anacheka na kuwaamkia upya. "Ingia. Goti tutalikuta hukohuko."

Alizaliwa kwenye visiwa vya delta ya mto, ambako ardhi haijaamua kama iwe nchi kavu au maji. Mama yake alikata boriti za mikoko. Swaumu mdogo alimfuata nyuma kwenye tope, na anakumbuka kwamba mara kwa mara mama, na mzigo kichwani, alisimama ghafla, akapishanisha miguu, akatazama mbali. Kaa wekundu walichungulia kutoka mashimoni, maji yalikuwa yakipanda bila sauti, na mtoto akadhani mama anasikiliza jambo ambalo watoto hawasikii. Naye akasimama vilevile, akapishanisha miguu, akasikiliza. Walikaa hivyo, mama na mwana, kama korongo wawili. Kisha mama akasema, "Haya," wakaendelea.

Miaka ilipita. Swaumu akaenda Moshi kusomea kunyoosha viungo vya watu, akitarajia maisha ya kukanda wachezaji mpira. Siku moja mwalimu akaeleza darasani kuhusu wanawake wanaovuja wakikohoa, wakicheka, wakibeba mzigo, na namna wanavyopishanisha miguu ili kuzuia. Wenzake waliandika. Yeye aligeukia dirishani. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na ndani ya mawingu akamwona mama yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuzikwa, amesimama kwenye tope, anasubiri.

Hiyo ndiyo sababu yuko Kibiti na hakandi mchezaji yeyote.

Sasa nije kwa Bi Mashavu wa Nyamisati. Siyatoboi ya watu. Mwenyewe huyasimulia pale gatini, kwa sauti, na ukimwomba apunguze sauti anaanza upya.

Bi Mashavu alijulikana kwa kicheko. Akicheka kwake, wanaoparua samaki ng'ambo nao wanacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha, baada ya kuzaa pacha wake wa mwisho, kicheko kikapotea. Watu wakasema amekuwa mcha Mungu. Wengine wakasema pacha wamekunywa kicheko pamoja na maziwa. Ukweli ni kwamba akicheka, analowa. Udhu ukawa unamkimbia kabla hajafika kwenye msala. Akaacha kwenda maulidini, akaacha kunywa maji mchana, akajifunza kununa.

Akanuna mpaka siku mbaya. Binti yake Nasra aliposwa na Abdulazizi, kijana wa Umwe, wa watu wanaolima mpunga bondeni. Ukoo wa akina Abdulazizi una desturi yake: bibi wa bwana harusi ndiye anayeukabidhi mkaja, ile nguo apewayo mama wa bibi harusi kumshukuru kwa tumbo alilolifunga alipozaa. Kabla ya kukabidhi, bibi humtania mama mtu mpaka acheke. Akicheka, ndoa imebarikiwa. Asipocheka, wao huelewa kwamba hawatakiwi.

Siku ya posa, bibi huyo, Bi Fatu, kikongwe mwenye ulimi kama wembe mpya, aliwapasha moto kidogo. "Tumesikia ninyi wa pwani hamweki chumvi kwenye mboga, mnaining'iniza tu mlangoni upepo uilambe." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Bi Mashavu akauma ncha ya kanga, akakaza macho kama mtu anayehesabiwa dhambi zake kaburini.

Bi Fatu alirudi Umwe amevimba. Salamu zikaja: "Yule mama ametukataa. Siku ya mkaja nitamtania kwa mara ya mwisho. Akininunia tena, tunageuza na mkaja wetu na kijana wetu."

Nasra alilia. Mama yake akalia zaidi, na kwa kuwa kulia nako kunatikisa tumbo, ikabidi akimbilie uani. Ndipo binti akaelewa.

"Mama, twende Kibiti. Kuna mtu wa magoti."

"Mie magoti yangu mazima."

"Ndiyo maana twende."

Wakaenda, mwezi wa Rajabu. Chumba cha Swaumu zamani kilikuwa stoo ya vyandarua na bado vimebaki viwili vitatu vimening'inia, hivyo mwanga wa dirishani huingia umechujwa, na mtu akilala kwenye mkeka hujiona kama yumo ndani ya wingu lenye harufu ya Detoli. Swaumu akamwomba ruhusa ya kumgusa tumbo. Mkono ukakuta ukuta.

"Mama, umevaa nini ndani?"

"Mkaja."

"Pacha wana umri gani?"

"Wanaanza madrasa."

Ulikuwa mkaja wa kufungia tumbo la uzazi, uleule ambao marehemu mama yake alimfunga alipomzaa Nasra, umechakaa mpaka una rangi ya maji ya mto. Baada ya arobaini ya pacha hakuufungua. Kila alipovuja, aliukaza zaidi. Na hoja anayo: "Mume wangu Seleman ni fundi wa mitumbwi. Mtumbwi ukivuja, anaubana. Sikumwona hata siku moja anaulegeza."

Swaumu hakucheka. Alichukua glovu, akaipuliza, akaifunga. Ikawa puto lenye vidole. "Hili ni tumbo. Huu ni mkaja." Akaliminya katikati. Vidole vikatuna kuelekea chini kama chuchu za mbuzi asiyekamuliwa.

Bi Mashavu akalitazama lile puto kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Ulikuwa unakisukuma kile unachokizuia. Mkaja una siku zake mama, na zake zilikwisha. Kazi iliyobaki ni ya misuli."

"Nikiufungua nitamwagika."

"Basi mwagika hapa. Sakafu ni ya saruji."

Aliufungua mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, na nguo ikalala sakafuni kama nyoka aliyechoka. Anasema alijisikia mwepesi mpaka akashika mkeka asije akapaa. Swaumu akaketi karibu ya kichwa chake, akaanza kusema kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto wa mtu mwingine.

"Vuta pumzi, acha maji yajae. Usizuie chochote. Sasa toa pumzi taratibu. Maji yanakupwa. Kuna kaa pale chini, mwekundu, yuko mlangoni kwake. Kamwona mtu. Anaingia shimoni, polepole, anapanda ndani, ndani. Tumbo lisikaze, makalio yasikaze. Kaa tu ndiye anayekwenda. Haya, mwache atoke tena."

Bi Mashavu akajaza maji, akapwisha. Kaa akaingia, akatoka. Vyandarua vilicheza juu yake. Mahali fulani kati ya kujaa na kupwa usingizi ukamchukua, akamwona mama yake amekaa kwenye gogo la mkoko, anaukunja ule mkaja vizuri, kingo kwa kingo, kama mtu aliyemaliza kazi. "Nipe mwanangu," mama alisema, "umekaa nao mno." Akaamka uso umelowa. Uso tu.

Tangu Rajabu mpaka Ramadhani ikaisha, kaa wa Bi Mashavu hakupumzika. Alimwingiza shimoni akichambua mchele, akisubiri boti ya Mafia iondoke, akiadhiriwa na wauza pweza. Alirudi kunywa maji. Zilikuwepo siku mbaya, alipopiga chafya na kurudi nyumbani analaani Kibiti nzima na Moshi pamoja. Swaumu akawa anashuka Nyamisati siku ya kliniki ya watoto, anamkuta, anamrekebisha pumzi. "Unajikaza kabla hujacheka, mama. Toa pumzi kwanza. Kaa kwanza, kicheko baadaye."

Harusi ikaangukia Mfunguo Mosi, alasiri, mikeka imetandikwa mpaka karibu na maji. Bi Mashavu aliketi katikati bila kufunga chochote kiunoni ila doti yake mpya. Nasra, ndani, hakuwa akipambwa. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, hina haijakauka, anasikiliza. Swaumu alikuwa kando, sahani ya pilau magotini, haigusi.

Bi Fatu akaingia na sinia, mkaja mpya juu yake. Aliizunguka ile mikeka taratibu kama anayenunua ng'ombe.

"Mkaja wenyewe ndio huu. Tumeukata mrefu, maana tulimtazama mama mtu siku ile tukaulizana: tumbo hili lilizaa Nasra, au lilizaa kiboko?"

Hakuna aliyepumua. Bi Mashavu alipumua. Wenye macho waliona mabega yake yakishuka, midomo ikitoa hewa kama anayepoza chai. Maji yakapwa. Kaa akaingia.

"Kiboko nilimzaa kweli, mkwe," akasema. "Ndiye huyu namleta Umwe aje awalie mpunga wenu."

Kisha akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha zamani, kikatoka kama kilikuwa kimefungiwa kabatini, kikaruka juu ya mikoko, na ng'ambo wakaacha kuparua samaki. Nasra akatoka nyuma ya pazia analia na hina ikimchuruzika. Tone moja lilitoka, Bi Mashavu mwenyewe anasema, moja, nalo lilikuwa la heshima kwa wageni.

Bi Fatu alicheka kuliko wote. Alimkabidhi mkaja, akamkumbatia mkwe wake, akacheka tena, mpaka ghafla akasimama wima. Akapishanisha miguu. Akatazama mbali, kule kwenye mikoko, kama anayesikiliza jambo.

Swaumu aliweka sahani chini. Jua lilikuwa limelainika, maji yalikuwa yakipanda bila sauti, na kwa kitambo akawa mtoto tena kwenye tope. Alimsogezea bibi kiti tu.

Juma lililofuata, Kibiti, weupe ule wa asubuhi ulipopasuka, kikongwe mmoja kutoka Umwe alikuwa ameketi kwenye benchi, amejitanda mpaka macho.

"Nimekuja goti," akasema.

"Karibu bibi," Swaumu akamfungulia mlango. "Huwa linavuja ukicheka?"