Mabeseni Mawili ya Fundi Chaki

Hospitalini walimwita Chaki, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kufunga plasta. Mtu akivunjika mkono au mguu, daktari akishaurudisha mfupa mahali pake, mgonjwa alipelekwa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, akamkuta huko mwanamume mwembamba aliyejaa vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, amekaa kando ya beseni la maji.

Watoto walimpenda kwa sababu hakuwadanganya. "Itapata joto kidogo," aliwaambia akizungusha bandeji iliyolowa. "Usiogope. Ni plasta inafanya kazi yake. Ikimaliza itapoa."

Alikuwa mgane wa siku nyingi, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mtaa wa pili tu. Maisha yake yalikuwa yametulia kama maji mtungini, hadi baridi yabisi ilipomwingia vidoleni. Asubuhi akitumbukiza mikono kwenye maji ya bomba, alihisi kama ameishika miiba. Basi akaanza kuyapunguza ubaridi kwa maji ya birika. Vidole vikapata nafuu, lakini plasta ikaanza ukorofi. Ilikuwa inakauka kabla hajamaliza kuilainisha, na plasta ikikauka huku bado inafinyangwa hufanya vinundu ndani, ikamfinya mgonjwa. Mara kadhaa ilimbidi aikate na kuanza upya.

Hakumwambia mtu. Aliogopa muuguzi mkuu angesikia na kumhamishia stoo, akakae na mashuka hadi siku ya kustaafu. Mtu aliyezoea kushika mikono ya watu atashika shuka, alijiuliza, ili iweje?

Ndipo akaletwa mwalimu mmoja wa kemia kutoka shule ya sekondari ya wasichana. Alikuwa amepanda kwenye stuli maabara kufikia chupa ya rafu ya juu, stuli ikateleza, akaangukia kifundo cha mkono wa kushoto. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na maumivu hayakumzuia kuangalia kila kitu kilichofanyika.

Chaki akafunga. Alikuwa bado anapapasa kwa kiganja, akahisi plasta imegoma. Akachukua mkasi.

"Samahani, mwalimu. Hii naikata, tuanze upya."

"Kuna nini?"

"Imeniwahi."

Mwalimu akatazama beseni. "Hayo maji ni ya moto?"

"Ya uvuguvugu."

"Na hayo meupe chini?"

"Makombo ya mgonjwa aliyetangulia."

"Basi umeiharakisha mara mbili, ndugu yangu."

Mwingine angekasirika. Chaki alijua tangu alipofundishwa kazi kwamba maji yanatakiwa kuwa baridi na safi, lakini hakuna aliyewahi kumwambia sababu, naye hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza. Akavuta kiti. "Kwa nini?"

"Plasta na maji vimeundwa na chembe ndogo mno," alisema mwalimu, mkono wa kuume ukiushikilia ule uliovunjika. "Hazishikani mpaka zigongane, tena kwa nguvu ya kutosha. Ukizipasha moto zinakwenda mbio, zinagongana zaidi, zinashikana upesi. Makombo nayo ni jambo jingine. Umewahi kuona watu kabla foleni haijaanza? Wanazubaa tu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Akisimama mmoja, wote wanajipanga nyuma yake. Makombo ndiyo yaliyokwisha kusimama."

Chaki akacheka. Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Lakini wewe ulijua yanatakiwa maji baridi. Mbona umeweka ya moto?"

Hakujua kwa nini alimjibu kweli. Pengine ni kwa kuwa aliulizwa taratibu. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, vifundo vya vidole vimevimba kama tangawizi. "Hii," alisema. "Hata binti yangu sijamwambia."

Mwalimu hakusema pole. Aliitazama ile mikono kwa muda. Kisha akauliza, "Kwani mikono yako na plasta ni lazima vioge beseni moja?"

Chaki akainuka. Akaenda kuleta beseni la pili. Katika moja akatia maji ya bomba, masafi, kwa ajili ya plasta. Katika la pili ya birika, na kila alipomaliza kulowesha bandeji alitia vidole humo vikapumua, kisha akaendelea. Safari hii plasta ilimngoja. Aliilainisha kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, bila nundu wala ufa. Ilipoanza kupata joto, mwalimu aliuweka mkono kifuani.

"Joto hili nimelifundisha miaka yote," alisema, "leo ndiyo nalivaa."

Siku ya kuikata plasta ilipofika, mwalimu aliuogopa msumeno, ingawa alijua unatetemeka tu, hauzunguki. Chaki akauwasha na kuugusisha kwenye kiganja chake mwenyewe, ili aone hakikwaruziki. Mkono ulitoka umekonda, ngozi inabanduka. Aliuosha polepole kuliko kazi ilivyohitaji, na mwalimu hakumharakisha.

"Wiki ijayo naanza kufundisha kasi ya mmenyuko wa kemikali," alisema mwalimu akikunja ngumi kujaribu. "Wasichana wangu wanaikariri kama wimbo. Njoo na plasta yako."

"Mimi darasani nitasema nini?"

"Kusema nitasema mimi. Wewe njoo."

Akaenda, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Wakakoroga plasta katika vikombe vitatu: kimoja cha maji baridi, kimoja cha maji ya uvuguvugu, na cha tatu cha uvuguvugu pamoja na makombo ya plasta iliyosagwa. Wasichana wakawa wanachoma kwa vijiti. Cha tatu kikakamata kijiti kwanza, kikafuata cha pili. Cha kwanza kilikuwa bado uji.

Msichana wa nyuma akanyoosha mkono. "Fundi, kama ya haraka ipo, kwa nini unachagua ya polepole?"

Darasa zima likamgeukia. Chaki akakuna shingo. "Kwa sababu nataka nafasi ya kujua kama nimemuumiza mtu," alisema. "Ikishakauka, imekauka."

Mwalimu aligeuka akachukua kifutio, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Baada ya hapo Chaki akawa anapita njia ya shuleni, ambayo haikuwa njia ya kwake. Binti yake hakuchelewa kuligundua. "Baba, siku hizi unarudi nyumbani kwa kuzunguka mji mzima."

"Nanyoosha miguu."

"Miguu gani hiyo inayonyolewa ndevu kila asubuhi?"

Jumamosi moja Chaki na mwalimu walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyumba ya mwalimu, wanachambua maharage. Mwalimu hakuwahi kuolewa. Miaka yake ya ujana aliitumia kumuuguza mama yake, na alipomzika aliona muda umekwenda. Chaki alichagua mawe mengi kuliko yaliyokuwemo.

"Mwalimu, mimi si mtu wa maneno."

"Najua. Sema machache."

"Nikae?"

"Mpaka saa ngapi?"

"Hapana," alisema Chaki. "Nikae."

Vidole vya mwalimu vikasimama juu ya ungo. "Mwambie binti yako aje kwanza," alisema hatimaye, sauti ikiwa chini. "Nisije nikamwibia baba yake."

Binti alikuja na mume na watoto na kelele zote, na ndoa ikafungwa bila makuu. Ni mwalimu aliyemsukuma mumewe aende kwa muuguzi mkuu akaseme habari ya vidole. Hakupelekwa stoo, aliletewa mfungaji wa pili, mwanamama mwenye viganja vipana, naye Chaki akamfundisha kila alichokijua.

Sasa amestaafu. Mawingu yakijikusanya, vidole vyake na kifundo cha mkewe huanza kuuma, na wawili hao hubishana barazani. Chaki husema mvua itanyesha kesho, mkewe husema jioni hii hii. Majirani huwasikiliza wote wawili kwa adabu, kisha huenda kuanua nguo zao.