Kivumbasi cha Makaburini

Naona aibu hata kuandika jambo hili, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa hapa kijijini Mbingu, maana wao wanaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa haya, nikimwona mtu mzima mbele natafuta njia nyingine. Bibi Felista, jirani yetu mjane, alinipa kipande chake cha shamba bondeni nilime nyanya, na hata siku ile nilishukuru kwa kichwa tu. Inzi weupe walipoanza kuzimaliza nyanya, bwana shamba akaniambia nipande kivumbasi katikati ya mistari, kwa sababu harufu yake inawachanganya wadudu. Kivumbasi kingi kipo makaburini (ndiyo, makaburini, na mimi nikaona sawa tu), basi nikaenda asubuhi mapema nisikutane na mtu.

Ukungu ulikuwa mzito, msalaba ulio hatua tatu mbele huuoni. Nikachuchumaa penye kivumbasi kingi, bila hata kusoma jina la kaburi, nang'oa miche. Mara nikasikia kandambili zinakuja, zikasimama upande wa pili wa kaburi lile lile. Ningesema shikamoo yangeisha. Nikajikunja kwenye kivumbasi.

"Nani hapo?"

Alikuwa Bibi Felista. Nikabana pumzi.

"Mume wangu... ni wewe?"

Jamani, ningejibu nini? Akaanza kuongea polepole, kwamba mpwa wake analitaka lile shamba la bondeni, je, amnyang'anye yule kijana bubu? Nyanya zangu zilikuwa zimeshatoa maua! Nikajikuta nimesema maneno mawili, kwa sauti nzito:

"Mwache alime."

Akapiga magoti akalia. Mimi nikatambaa kwa tumbo hadi kwenye matete, nikakimbia na miche yangu.

Jumapili jumuiya nzima ikaja kusali pale kaburini, na mimi nikaitwa, eti marehemu amenitaja. Katekista akasema, "Haya kijana, toa shukrani." Macho yote kwangu.

"Asante, babu."

Bibi Felista akageuka ghafla. "Hiyo sauti!"

"Mchawi huyo!" mpwa wake akapiga kelele.

"Mchawi gani," mama mmoja akadakia, "marehemu mwenyewe ndiye huyu, amerudi na ndevu tatu!"

Watu wakaangua kicheko. Nikakiri yote, mpaka habari ya miche, jasho linanitiririka.

Bibi hakucheka. Akanisogelea.

"Shamba lima, mwanangu. Ila niambie, nilipokuwa nimepiga magoti nalia, uliniita Chausiku, karibu kabisa na sikio. Jina hilo alikuwa ananiita yeye peke yake, tukiwa ndani. Nani alikwambia?"

Waliokuwa wakicheka wakageuka kunitazama.

"Bibi," nikasema, "wakati huo mimi nilishaondoka."

Nyanya zimezaa vizuri, inzi hakuna. Lakini makaburini sikanyagi tena kutafuta miche, na siku hizi nikiona mtu, hata kivuli tu kwenye ukungu, namwahi kwa shikamoo, kisha nasimama nisikie marahaba. Isipokuja, natimua mbio.